Kinga Ilikuwa Wapi? Yerusalemu na Mtunya wa Ugogo

Katika barua ninazoletewa na wasikilizaji wa mazungumzo haya, liko swali moja ambalo halikosi kurudi kila baada ya muda. Anayeuliza leo ni mwanafunzi, kesho ni mzee aliyestaafu, keshokutwa ni mama anayeuza mboga sokoni, lakini swali ni lile lile. Vitabu vya kale vya Waebrania, ambavyo Wakristo huviita Agano la Kale, vinasema kwamba Mungu ni ngome ya watu wake, wala hakuna baya litakalowapata. Vitabu hivyo hivyo vinasimulia jinsi watu hao walivyozingirwa, wakashindwa kwa njaa, wakachomewa mji na hekalu, na kupelekwa utumwani. Je, yote mawili yatakuwaje kweli?

Wako wanaouliza ili kumtega mhubiri. Lakini wengi, ndugu msomaji, huuliza kwa sababu wamezika. Kwa hiyo swali hili halifai kujibiwa kwa mzaha wala kwa haraka. Mimi si mchungaji, wala si padri, wala si sheikh. Ninachoweza kufanya ni kulitazama swali kwa macho ya historia, nikianzia Yerusalemu na kuishia kwetu Ugogo, katika nyanda hizi za kati, ambako swali hilo hilo liliulizwa kwa machozi yapata miaka mia moja iliyopita.

Kwanza tusiufiche mgongano wenyewe. Zaburi ya 91 inamwambia mtu kwamba hata maelfu wakianguka ubavuni pake, tauni haitamkaribia yeye. Zaburi ya 121 inamsifu mlinzi wa Israeli kuwa hasinzii wala halali usingizi. Katika Zaburi ya 37 anazungumza mzee, anasema kwamba tangu ujana wake hadi uzee hajapata kumwona mwenye haki ametupwa, wala watoto wake wakitembeza bakuli. Sasa fungua Zaburi ya 44. Hapo taifa zima linalalamika kwamba limetolewa kama kondoo wa kuchinjwa na kuuzwa kwa bei ya bure, na jirani zake wanalicheka. Tena linasema wazi kwamba halikuwa limelivunja agano. Kisha linamwita Mungu aamke, kana kwamba amelala! Zaburi moja inasema halali, nyingine inamwamsha. Na zote zimo katika kitabu kimoja, ziliimbwa na watu wa dini moja.

Kwa kawaida watu hulikimbia jambo hili kwa njia mbili. Wa kwanza husema: kitabu kinajipinga, kwa hiyo ni hadithi tupu, tukiweke kando. Wa pili husema: hakuna mgongano wowote, walioumia walikuwa wametenda dhambi, basi. Njia hizi mbili zinaonekana kama maadui, lakini zina ndugu mmoja, nao ni uvivu. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza maneno yale yalisemwa lini, na nani, na akiwa katika hali gani.

Tuulize basi. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda. Yerusalemu ilizingirwa, mfalme Hezekia akiwa ndani, lakini haikutekwa. Senakeribu akarudi kwao Ninawi. Kitabu cha Wafalme na kile cha Isaya vinasimulia jambo hilo kuwa ni wokovu mkubwa, na ni rahisi kuelewa kwa nini watu wa Yerusalemu waliimba. Lakini Senakeribu naye aliandika. Kumbukumbu zake, zilizochorwa katika udongo wa kuchoma, zinadai kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye maboma. Na mji wa Lakishi aliuteka kweli, maana akaamuru tukio hilo lichongwe katika mawe ya kuta za ikulu yake, na mawe hayo yapo hadi leo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Yanaonyesha wanawake na watoto wa Lakishi wakitoka na mizigo yao, na wanaume wakiteswa.

Kumbe katika vita vile vile, mwaka ule ule, wa Yerusalemu waliimba na wa Lakishi walilia. Nao wote walikuwa Wayahudi. Tukiwasikiliza wale wa mjini peke yao tutasema kinga ilikuwepo. Tukiwasikiliza wa Lakishi tutauliza ilikuwa wapi.

Matokeo ya mwaka ule yakawa mabaya kwa namna nyingine. Kukajengeka imani kwamba Yerusalemu haianguki, eti kwa sababu nyumba ya Mungu imo ndani yake. Yapata miaka 90 baadaye akasimama mtu aitwaye Yeremia katika mlango wa hekalu akawaonya watu wasilitumainie jengo. Aliwakumbusha mji wa Shilo, ambako nako kulikuwa na nyumba ya Mungu, nao ulibomoka. Nusura auawe. Alichosema ni kwamba huwezi kuonea yatima na mjane na mgeni siku sita, kisha siku ya saba ukajificha chini ya paa la hekalu kama mtu aliyevaa hirizi.

Sisi katika Tanzania tunaijua hatari hiyo ya hirizi. Katika vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, watu wa kusini na mashariki ya nchi yetu waliambiwa kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi za Wajerumani. Ushujaa wao ulikuwa wa kweli, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa ya kweli. Lakini risasi hazikugeuka, na baada ya risasi ikaja njaa iliyoua wengi zaidi kuliko bunduki.

Yerusalemu nayo ilianguka mbele ya Wababeli, mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo. Wafalme wa Pili, sura ya 25, inasema kwamba kabla ya ukuta kubomolewa njaa ilikuwa imezidi mjini hata watu hawakuwa na chakula. Hekalu likachomwa. Mfalme Sedekia akapofushwa macho baada ya kuonyeshwa wanawe wakichinjwa.

Hapa ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Sehemu kubwa ya vitabu hivi ilikusanywa na kupangwa baada ya msiba huo, na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu. Wangeweza kuzifuta zaburi za ulinzi, kwani zilionekana kuwa za uongo. Au wangeweza kuyafuta maombolezo, kwa kuwa yanaonekana kama kufuru. Hawakufuta. Waliyaweka yote kando kwa kando.

Wala si kwamba hawakutafuta maelezo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 28, inapanga mambo kama mkataba: mkitii, baraka, mkiasi, laana, na laana zenyewe ni ukame, nzige, magonjwa na kuzingirwa. Wataalamu wameonyesha kwamba orodha hiyo inafanana sana na mikataba ambayo wafalme wa Ashuru waliwalazimisha watu waliowatawala, kama ule wa Esarhadoni wa mwaka 672 kabla ya Kristo. Yaani Waebrania walitumia lugha ya siasa ya zama zao kueleza uhusiano wao na Mungu.

Lakini waandishi wale wale waliona kwamba mkataba hautoshi kueleza kila kaburi. Chukua mfalme Yosia. Wafalme wa Pili inamsifu kuliko wafalme wote kwa uaminifu wake. Nabii mwanamke, jina lake Hulda, alimwambia kwamba angeingia kaburini kwa amani. Sura moja tu baadaye, mwaka 609 kabla ya Kristo, Yosia anauawa huko Megido na Farao Neko wa Misri. Mwandishi ameyaacha yote mawili, hakurekebisha. Kwa upande mwingine yupo Manase, mfalme mwovu kuliko wote, ambaye alitawala miaka 55 akafa kitandani. Jambo hilo liliwasumbua waliokuja baadaye, na katika Mambo ya Nyakati tunakuta Manase ametubu, na Yosia ameumia kwa sababu alipuuza onyo. Unaona, ndugu msomaji? Ndani ya Biblia yenyewe wanahistoria wawili wanabishana juu ya swali letu.

Nao hawako peke yao. Katika Kutoka imeandikwa kwamba uovu wa baba hupatilizwa kwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Watu wa uhamishoni wakatunga methali juu yake: baba wamekula zabibu mbichi, ganzi imewapata watoto menoni. Sisi wa Dodoma, tunaolima zabibu, tunaielewa methali hiyo bila kufafanuliwa. Nabii Ezekieli akaipinga waziwazi, akasema kila mtu atabeba la kwake. Kisha kuna Ayubu, ambaye hata ndugu zetu Waislamu wanamheshimu kama nabii na mfano wa subira. Rafiki zake watatu walikuja wakakaa naye chini siku saba wakiwa kimya, na hapo walifanya vema. Walipofungua midomo wakaanza kumweleza kwamba hakosi ana dhambi aliyoificha. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale rafiki waliomtetea Mungu, na kumpa haki Ayubu aliyelalamika.

Sasa tuje kwetu.

Ugogo ni nchi ya mvua moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 500 au 600. Ikichelewa, au ikikatika katikati, mtama na uwele hunyauka shambani. Jambo hilo si geni. Wagogo wamekaa na ukame vizazi na vizazi, na wanazipa njaa zao majina kama vile watu wengine wanavyowapa majina wafalme. Kwa hiyo walikuwa na kinga yao. Kinga ya kwanza ilikuwa ghala la nafaka ya mwaka wa neema. Ya pili ilikuwa ng'ombe, ambao mtu aliweza kuwapeleka kwa majirani wenye mvua nzuri zaidi na kurudi na nafaka. Ya tatu ilikuwa udugu na urafiki, maana mwenye busara hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja, bali aliwakopesha jamaa na rafiki wa mbali, ili janga likipiga hapa kule kubaki kitu. Na ya nne ilikuwa nguvu za vijana wa kulima na wa kusafiri kutafuta chakula.

Juu ya hayo yote alikuwepo mtemi. Kila nchi ndogo ya Ugogo ilikuwa na mtemi wake, mwenye mawe ya mvua, aliyebeba dhamana ya mvua, rutuba na usalama wa eneo lake. Mvua ikigoma, watu hawakusema tu kwamba hali ya hewa ni mbaya. Waliuliza ni nini kimeharibika katika nchi, waganga wakapiga ramli, yakafanywa matambiko ya kuitakasa nchi. Anayesoma Samweli wa Pili, sura ya 21, atajiona kama yuko nyumbani. Huko njaa inadumu miaka mitatu katika enzi ya Daudi, mfalme anauliza kwa Mungu, na jibu ni kwamba nchi imetiwa doa na damu ya Wagibeoni waliouawa na Sauli. Mzee wa Ugogo wa zamani asingehitaji mwalimu wa kumfafanulia sura hiyo.

Basi ikaja vita ya 1914. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo Ugogo ilikuwa njia ya majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, yakiongozwa na jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Kondoa-Irangi, na mwezi Mei Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck wakawashambulia pale. Majeshi mawili yalikaa yakitazamana katika nchi ya Warangi kwa miezi, yakila. Mwishoni mwa Julai Dodoma ikawa mikononi mwa Waingereza. Nao walikuwa na njaa. Wakachukua ng'ombe waliobaki, wakachukua nafaka iliyobaki, na mwaka 1917 wakaendelea kuwakusanya wanaume kuwa wapagazi wa kuwafuatia Wajerumani kusini. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na wakazi wa Dar es Salaam wanalitaja jina lake kila siku wanapopanda basi la Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Nasi tukumbuke kwamba nyasi hizo zilikuwa na majina na wake na watoto.

Hapo ndipo mvua ilipokatika. Ukame ulikuta ghala tupu, zizi tupu na kijiji kisicho na vijana. Mwishoni mwa 1918 ikaongezeka homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu dunia nzima. Njaa ile, iliyodumu kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, yaani kinyang'anyiro, kwa sababu watu walinyang'anyana chakula na udugu ukavunjika. Wanahistoria hukadiria kwamba katika watu kama 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa. Mmoja katika kila watano! Wengine walikimbia kuifuata reli, wengine wakaenda kuomba kazi na hifadhi kwa majirani. Wako wazazi waliowaacha watoto wao kwa watu wenye chakula, ili mtoto apone na mzazi apate kibaba cha nafaka.

Maneno hayo ya mwisho yananikumbusha Nehemia, sura ya 5. Pale Yerusalemu, baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni, panatokea kilio kikubwa. Watu wanasema wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba wanawatia wana na binti zao utumwani huku wakijua hawana uwezo wa kuwakomboa. Nehemia hakuwahubiria wenye njaa kuhusu dhambi zao. Aliwageukia matajiri waliokuwa wakiwadai ndugu zao, akawakemea, akawataka warudishe mashamba na riba.

Ugogo wakati huo ulikuwa na Wakristo pia, ingawa wachache. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Agano Jipya la Kigogo lilitoka mwaka 1899. Lakini Biblia nzima kwa Kigogo ilikuja kutoka mwaka 1962. Maana yake ni kwamba kizazi kilichopita katika Mtunya kilikuwa na Injili katika lugha ya nyumbani, lakini bado hakikuwa na Maombolezo yote, wala Ayubu yote, katika lugha hiyo. Kwa Kigogo walikuwa na habari ya wokovu kabla ya kuwa na kitabu cha kulilia. Hata hivyo walilia, maana kulia hakuhitaji tafsiri.

Na maelezo yalitolewa, kama ilivyokuwa Yerusalemu. Wapo waliosema nchi imechafuka. Wapo waliosema ni adhabu ya Mungu. Na wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuwa na maelezo yao ambayo hayakumtaja Mungu wala mizimu: walitaja ukame na desturi za wenyeji. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa makini na kuandika juu yake mwaka 1990, ameonyesha kwamba ukame peke yake haukuwa na nguvu hiyo. Kilichougeuza ukame kuwa Mtunya ni vita vilivyokomba kila kinga ambayo watu walikuwa wamejijengea.

Tazama sasa, ndugu msomaji, jinsi maelezo hayo yote yanavyofanana kwa jambo moja. Yanamwacha aliyechukua ng'ombe aende zake salama. Mchafuzi wa nchi ni mwenye nchi, mwenye dhambi ni mwenye njaa, mwenye desturi mbaya ni mwenye njaa tena. Afisa aliyesaini karatasi ya kuchukua nafaka hayumo katika hadithi.

Manabii wa Waebrania hawakusimulia hivyo. Ni kweli wanasema taifa limeumia kwa sababu ya dhambi. Lakini soma wanamtaja nani. Amosi anawataja wanaomkanyaga maskini na kumtoza nafaka, na wanaopunguza kipimo sokoni. Mika anawataja wakuu wanaowachuna watu ngozi. Samweli alikuwa ameonya tangu mwanzo kwamba mfalme atachukua wana wenu kwa vita, ataitwaa sehemu ya kumi ya nafaka na ya kundi. Kwa hiyo dhambi ya taifa, katika vinywa vya manabii, kwa sehemu kubwa ni dhambi ya wenye nguvu. Adhabu ndiyo iliyowapata wote. Na hapo hapo ndipo penye kidonda: Ibrahimu alimuuliza Mungu kama ni haki kumwangamiza mwema pamoja na mwovu, na swali hilo limeachwa wazi katika kitabu cha kwanza kabisa.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika jambo hili ni Gideoni. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 6, kinaeleza kwamba Wamidiani walikuwa wakija kila msimu wa mavuno na mifugo yao, kama nzige, wakila mazao yote na kutoacha kondoo wala ng'ombe wala punda. Gideoni alikuwa amejificha shimoni akipura ngano, asionekane. Malaika anamtokea na kumwambia kwamba Mungu yuko pamoja nao. Gideoni hakusema amina. Aliuliza: kama yuko pamoja nasi, mbona yametupata haya yote? Ziko wapi zile ajabu walizotuhadithia baba zetu? Mtu yeyote aliyeficha kibaba cha mtama Ugogo mwaka 1917, askari wakipita njiani, angeliuliza swali hilo neno kwa neno. Nawe angalia jibu. Gideoni hakemewi kwa kuuliza. Wala haambiwi sababu. Anaambiwa aende kwa nguvu hizo alizo nazo akawaokoe watu wake.

Kwa nini nayasema haya leo, katika mji uliojaa majengo mapya ya serikali? Kwa sababu mambo haya hayajaisha. Mnajua nyote jinsi Mgogo anavyotaniwa mijini kwamba kazi yake ni kuomba. Ni utani, lakini una sumu. Anayetania hajui kwamba katika ukumbusho wa nyanda hizi kuna njaa iliyotengenezwa na majeshi mawili ya kigeni. Hajui kwamba watu hao walikuwa wafugaji wenye mali na akiba, na kwamba walioshika reli kwenda kuomba walikuwa wamenyang'anywa kwanza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mbaya zaidi ni pale Zaburi ya 37 inapotumiwa mimbarini kuthibitisha utani huo: mzee yule hakumwona mtoto wa mwenye haki akiomba chakula, kwa hiyo huyu anayeomba pale kituo cha basi bila shaka hatoki katika nyumba ya haki! Mzee yule alisema aliyoyaona yeye. Hakuwapo Lakishi. Hakuwapo Ugogo.

Basi jibu langu kwa wanaoniandikia ni hili. Msiuondoe mgongano, maana uliachwa pale kwa makusudi na watu waliojua wanachofanya. Zaburi ya 91 ni maneno anayoambiwa mtu anayeogopa usiku, na ana haki ya kuambiwa. Zaburi ya 44 ni maneno ya watu wanaozika, nao wana haki ya kuyasema. Kosa linaanza mtu anapochukua maneno ya usiku wa hofu akayafanya sheria ya kuwahukumu wanaozika. Wayahudi wenyewe walielewa hivyo: mpaka leo, kila mwaka, katika siku ya kukumbuka kuchomwa kwa hekalu, hukaa chini na kuyasoma Maombolezo yote kwa sauti, na wala hawajaacha kuziimba zaburi za ulinzi siku nyingine.

Sisi tumekumbuka nini? Ugogo alikuwepo Mwalimu Ernest Kongola, msomi aliyejitwika kazi ya kukusanya historia za koo za Wagogo, akaandika juzuu baada ya juzuu ili kizazi kijacho kisikae gizani. Mwaka 2006 yeye na Maddox walitoa kitabu juu ya kazi hiyo ya kuandika historia katika Tanzania ya kati. Kazi ya namna hiyo ndiyo waliyoifanya wale wa uhamishoni Babeli. Walipokosa hekalu, walibaki na kumbukumbu, na wakaitunza pamoja na maswali yake.

Nawaomba vijana wa Mvumi, wa Mpwapwa, wa Kilimatinde, wa Kondoa, na hata ninyi mliohamia Dodoma kwa kazi: waulizeni wazee waliobaki walisimuliwa nini na baba na babu zao juu ya Mtunya. Andikeni nani alikufa na nani alichukua nini. Mtu akija baadaye na kuuliza kinga ilikuwa wapi, asijibiwe kwa hotuba ya kumlaumu marehemu. Aonyeshwe ghala lilivyokuwa, na aonyeshwe aliyelibeba.

Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.